Mimi ndiye mwenye nyumba niliyepiga marufuku jiko la umeme

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Sijawahi kuliandikia gazeti. Anayechapa ni mjukuu wangu. Mimi nasema, yeye anabonyeza simu, na ameshanikatalia maneno mawili akidai ni ya kizamani. Kwa hiyo pakipinda mahali, mlaumu yeye.

Mimi ni mjane wa miaka 63, mkazi wa Ilomba hapa Mbeya. Marehemu mume wangu, aliyekuwa dereva wa malori ya Zambia, aliniachia nyumba ya kuishi na nyuma yake banda la vyumba sita vya kupangisha. Chumba ni Sh40,000 kwa mwezi. Nyumba yangu ina LUKU yake, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Banda zima, vyumba vyote sita, lina LUKU moja. Hilo la LUKU moja naomba uliweke akilini, Mhariri, maana ndilo lililonifanya niandike.

Ukiingia uani kwangu, ukutani karibu na bomba kuna maandishi ya rangi nyekundu. Niliyaandikisha mwaka 2011: MARUFUKU KUPIKA KWA UMEME. MARUFUKU HITA. PASI MWISHO SAA 2 USIKU.

Sikuwa na roho mbaya. Mwaka ule nilikuwa na mpangaji mwenye jiko la koili, lile la tofali lenye waya uliojiviringa unaowaka mwekundu. Alilichomeka kwenye ekstensheni, na ekstensheni kwenye soketi iliyokuwa ikilisha pia friji ya jirani yake. Umeme tulionunua Jumapili ili utufikishe mwisho wa wiki ukakata Jumanne. Wapangaji wakaanza kutazamana vibaya. Tukaongeza mwingine, na Alhamisi soketi ikayeyuka kama mshumaa, ukuta ukawa mweusi hadi darini. Tulizima kwa mchanga. Tangu siku ile, mtu akiniambia "jiko la umeme" mimi naiona ile koili na ule ukuta. Wenye nyumba wenzangu wanaosoma hapa, kila mmoja ana koili yake anayoikumbuka, ndiyo maana ukipita Ilomba, Mabatini hadi Uyole utakuta masharti ni yale yale, hata kama hayakuandikwa ukutani.

Sasa nije Juni 2024. Mbeya ya Juni hamuijui ninyi wa Dar es Salaam: asubuhi unatoka nje na mvuke unatoka mdomoni. Chumba cha tatu alikuwa ameingia binti mmoja muuguzi, mpole, analipa kodi kabla ya tarehe. Siku moja jioni napita mlangoni kwake nasikia harufu ya maharage yaliyoungwa kwa kitunguu, harufu ya maharage yaliyoiva kweli. Moshi hakuna. Jiko lake la mkaa liko pale nje ya mlango, na ndani yake kuku wangu ametaga mayai mawili. Kuku hatagi kwenye jiko linalotumika.

Nikabisha hodi.

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hayo maharage yanapikiwa wapi?"

Kona ya chumba kulikuwa na kitu kimefunikwa khanga. Akanyamaza. Nikafunua mwenyewe. Sufuria kubwa nyeusi lenye mfuniko wa kufunga kama tangi, vitufe kwa mbele, waya umeingia ukutani. Nikamwambia ana wiki mbili ahame.

Binti hakulia wala hakunijibu kwa ukali. Alisema, "Mama nisamehe, nimevunja sharti lako. Lakini naomba kwanza tupime, halafu ndiyo unifukuze."

Neno hilo, tupime, lilinikamata. Jumapili iliyofuata banda lote lilienda kanisani isipokuwa yule wa bodaboda, naye tulimwomba azime kila kitu chake. Tukachomoa friji ya chumba cha pili, tukazima taa zote. Tukasoma rimoti ya LUKU: uniti 38.6. Akapima nusu kilo ya maharage ya njano, hayakulowekwa usiku, akaweka maji na chumvi, akafunga, akabonyeza. Nilikaa kwenye kigoda natazama lile sufuria kama natazama mgonjwa. Mvuke kidogo, kisha kimya. Baada ya muda likapiga kelele kama simu. Tukasubiri presha ishuke. Maharage yalikuwa yameiva hadi yanafumuka. Rimoti: 38.2.

Sifuri nukta nne. Kwa bei tunayolipa sisi, ni kama Sh142.

Nikamwambia arudie na makande, maana makande hayadanganyi. Yakala nusu uniti na ushee. Kesho yake nilimwita fundi wangu wa umeme wa siku zote, mzee aliyefunga waya nusu ya mtaa huu, nikamuuliza ni uchawi gani. Akacheka. Akanipa hesabu ambayo hata mjukuu wangu ameihakiki. Koili ile ya 2011 ilikuwa ya wati 2,000. Kwa hapa Mbeya, maharage makavu ukiyachemshia sufuria la kawaida unahesabu saa mbili na nusu. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, kwa hiyo wati 2,000 kwa saa mbili na nusu ni uniti tano. Presha kuka ya binti, lile sufuria lake la umeme, ni wati 1,000, lakini haiwaki muda wote: ikishapanda joto inajizima, mwili wake unatunza joto kama chupa ya chai, inajiwasha kidogo tu ikipoa.

Halafu kuna jambo la milima, ambalo nilikuwa nalijua kwa mikono bila kulijua kwa kichwa. Mbeya iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huku juu maji hayafiki nyuzi 100. Yanachemka kwenye 94 hivi. Ndiyo maana mwanangu wa Tanga akija likizo anashangaa maharage yetu yana ubishi gani. Ndani ya presha kuka, kwa kuwa mvuke umefungiwa, joto linapita nyuzi 110 hata huku kwetu. Miaka 40 nimechoma mkaa wa Chunya nikipigana na hewa ya mlima, na hakuna aliyeniambia.

Binti hakuhama. Mayai tuliyahamisha.

Kama habari ingeishia hapo nisingekusumbua, Mhariri, ingekuwa tangazo la biashara. Uzuri wa sufuria si jambo la kubishania tena. Shida ilianza nilipotaka kufuta yale maandishi ya ukutani.

Niliitisha kikao cha wapangaji uani. Chumba cha kwanza ni mwalimu na mkewe na watoto wawili. Cha pili ni baba anayeuza barafu za ubuyu, ndiye mwenye friji. Cha tatu muuguzi. Cha nne mama muuza mitumba Mwanjelwa, ana watoto watatu. Cha tano kijana wa bodaboda. Cha sita wanafunzi wawili wa chuo. Nikawaambia nimeondoa marufuku, kila mtu anunue kuka apike. Nilitegemea vigelegele. Kijana wa bodaboda akasimama. "Mama, mimi nakula kwa mama lishe asubuhi, mchana na jioni. Umeme tunachanga sawa kwa sawa. Wao wakipika, mimi nitakuwa nawapikia?"

Hakukosea. Baba wa barafu alishika kichwa, maana friji yake ilikuwa inasemwa miaka yote, na sasa aliona moto unahama kutoka kwake kwenda kwingine. Mwalimu akasema ahesabiwe kwa vichwa. Mama wa mitumba akasema kwa vichwa ataumia yeye mwenye watoto, ambao wala hawatumii umeme wanapolala. Walimu na hesabu zao! Tulitawanyika bila jibu.

Ndipo nikakaa na yule fundi na karatasi, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sijaliona likiandikwa popote, ingawa kila mwenye banda analiishi.

Bei ya umeme wa majumbani kwetu ina ngazi mbili. Anayetumia kidogo, wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, yuko kundi la D1 na analipa Sh100 kwa uniti. Anayetumia zaidi yuko T1, Sh292 kwa uniti. Juu ya hapo kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA, wale wa umeme vijijini, asilimia 3 na ya EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, asilimia 1, kwa hiyo mfukoni inatoka Sh122 kwa yule na kama Sh356 kwa huyu. Wa D1 akizidisha zile 75, kila uniti ya ziada ni Sh350 kabla ya kodi. Ngazi hii iliwekwa kumhurumia mtu wa hali ya chini, na ni jambo jema, silipingi.

Lakini mita haijui kuhesabu watu. Banda langu lilikuwa linatumia kama uniti 150 kwa mwezi kabla ya mambo ya kupika. Mashine inaona mteja mmoja anayekula uniti 150, inasema huyu ni tajiri, mlipishe T1. Hapo 150 mara 356 ni Sh53,400. Wakigawana sita, kila chumba Sh8,900. Kumbe ni kaya sita, kila moja wastani wa uniti 25, watu wa D1 wasio na shaka. Kila chumba kingekuwa na LUKU yake kingelipa Sh3,050. Mimi mwenye nyumba ya ukumbi na televisheni kubwa niko D1, kwa kuwa naishi peke yangu na mjukuu na tunalala mapema. Mpangaji wangu mwenye taa moja na chaja ya simu analipa umeme karibu mara tatu ya bei yangu. Nilipoielewa hiyo nilinyamaza kidogo. (Na niseme lingine kabla sijaulizwa: kodi ya jengo ya Sh1,500 kwa mwezi ilikuwa inakatwa kwenye LUKU ya banda, nami nilikuwa najifanya sijui. Nimeanza kuwarudishia.)

Sasa rudi kwenye kupika. Kaya ya hapa uani ikipika vitu vizito kwa kuka na ugali kwa gesi, inakula kama uniti moja kwa siku. Kwa mwenye LUKU yake: uniti 25 za mwanzo na 30 za kupikia ni 55, bado yuko chini ya 75, analipa Sh6,710 mwezi mzima, taa na chakula. Kwa mpangaji wa LUKU ya pamoja, uniti zile zile 55 ni Sh19,580. Nyama ile ile, bucha tofauti.

Fundi akasema dawa ni mita ndogo za ndani, kila chumba yake, hata kama LUKU inabaki moja. Angalau ugomvi utaisha. Nikakubali, na kwa kuwa ukuta wa 2011 nilikuwa bado nauota usiku, nikamwambia apitie na waya. Alikuta soketi zimeunganishwa kwa waya wa taa, wa milimita 1.5. Akaufumua wote, akaweka 2.5 kwa soketi, akaweka breka ya kila chumba na akarekebisha ethi, waya wa kwenda ardhini, ambayo ilikuwa imekatika sijui tangu lini. Alinihesabia pia kwamba hata wote sita wakiwasha kuka kwa wakati mmoja ni wati 6,000, ampea 26 hivi, laini yangu inabeba bila kelele. Mita sita Sh168,000, waya na ufundi Sh240,000. Jumla Sh408,000. Nisidanganye: nilipandisha kodi Sh5,000 kila chumba. Kijana wa bodaboda alinung'unika mwezi mmoja, kisha akanyamaza alipoona mchango wake wa umeme umeshuka.

Ikabaki kununua. Presha kuka nzuri ya lita sita ilikuwa Sh150,000, karibu kodi ya miezi minne. Nani anazo? Wanawake wa banda wakafanya wanachojua kufanya siku zote: mchezo. Vyumba vitano, kila mmoja Sh30,000 kwa mwezi, kila mwezi mmoja anapokea. Muuguzi aliingia ingawa anayo tayari. Alipopokea alinunua kitanda. Ilichukua miezi mitano na hakuna aliyekimbia. Nayataja haya kwa sababu nasikia mikutano mingi inazungumzia mikopo na wafadhili. Mikopo ni mizuri. Ila uani kwangu hakuna mfadhili aliyepita, na sufuria ziko.

Isipokuwa ya chumba cha sita. Wale wanafunzi, vijana wa siku hizi, walipata "ofa" ya Sh85,000 kwenye duka moja la mjini, jina la kampuni halisomeki hata kwa miwani. Mwezi wa pili ule mpira wa mfuniko ukalegea, presha haipandi, linachemsha tu kama sufuria la kawaida huku likila umeme. Walizunguka mji mzima kutafuta mpira wa saizi yake. Haupo. Dukani wakaambiwa vipuri havijawahi kuletwa. Mpira ni kitu cha elfu chache tu, na kwa kuukosa sufuria zima limekuwa la kuhifadhia unga. Wanaokagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini wangemuuliza mwagizaji swali moja tu bandarini, mpira wa akiba uko wapi, wangetuokolea fedha nyingi.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Ugali haupikiki vizuri kwenye kuka, sufuria linazunguka na mwiko. Wote wana mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 kwa ajili ya ugali na chapati. Ladha: mama mkwe wangu, bibi wa Tukuyu wa miaka 80 na kitu, aliapa kwamba maharage ya umeme hayana utamu. Alikula sahani mbili bila kuambiwa yamepikiwa wapi. Alipoambiwa alisema ndiyo maana tumbo linauma. Umeme kukatika: unakatika, hasa radi za masika zikianza, na mgao wa mwishoni mwa 2023 kuingia 2024 hatujausahau. Nina nusu gunia la mkaa stoo na sioni aibu.

Na kuna baridi. Hili wataalamu wa Dar es Salaam hawalitaji kwa kuwa kwao ni joto. Huku kwetu jiko la mkaa ni chakula na ni hita pia. Juni na Julai watu wanaliingiza chumbani, wanafunga dirisha, wanalala. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha. Karibu kila mwaka nyanda hizi za juu tunazika mtu, mara nyingine familia. Presha kuka haipashi chumba joto, na ndiyo maana wapo waliohamia umeme kupika lakini jioni bado wanawasha mkaa wa kuota. Mimi nimewanunulia wangu mablanketi mawili mawili ya mitumba kutoka kwa mama wa chumba cha nne, kwa bei ya jumla. Sina jibu lingine kwa hilo.

Sasa, Mhariri, naongea na wakubwa kupitia kwako. Mei 8, 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, ukitaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwisho wake. Siku sita baadaye alikuwa Paris, mwenyekiti mwenza wa mkutano wa nishati safi ya kupikia Afrika, zikaahidiwa dola bilioni 2.2. Serikali inatuambia watu zaidi ya 33,000 hufa kila mwaka nchini kwa magonjwa yatokanayo na moshi wa jikoni, na hekta 469,420 za misitu hupotea. Nilimsikiliza kwenye redio nikakubali kila neno. Bwawa la Nyerere limekamilika, megawati 2,115 pale Rufiji. Umeme upo. Mitungi ya gesi imeuzwa kwa nusu bei kwa ruzuku ya REA, watu wakapanga foleni.

Lakini nani amezungumza na mpangaji wa LUKU ya pamoja? Kijijini kuunganishiwa umeme ni Sh27,000. Mjini, ndani ya mita 30 na bila nguzo, ni Sh320,960. Nikitaka kila chumba changu kiwe na LUKU yake ili wapangaji waingie D1, natakiwa kuongeza tano juu ya hiyo moja, yaani Sh1,604,800. Kwa kodi ya sasa ya Sh45,000, hiyo ni kodi ya banda zima kwa karibu miezi sita, nami ndiyo ugali wangu huo. Mwenye nyumba gani atafanya hivyo ili mpangaji ambaye huenda akahama mwezi ujao alipe umeme rahisi? Ndiyo maana ni nafuu kwetu kuandika MARUFUKU. Rangi ni bei rahisi kuliko mita.

Mtoto wa dada yangu anasoma Kampala. Nilipomsimulia aliniambia Uganda tangu 2022 wana bei ya kupikia: uniti za kawaida zina bei yake, lakini mtu akivuka 80 kwa mwezi hadi kufika 150, bei ya uniti hizo inashuka, siyo inapanda, kwa sababu wanajua anayefika huko ameanza kupika kwa umeme. Akivuka 150 inarudi ya kawaida. Kwetu ni kinyume: ukianza kupika ukavuka 75 unaadhibiwa. Mwenye familia ya watu saba na LUKU yake peke yake, akipika kila kitu kwa umeme, atavuka tu. Sisemi tuige kila kitu cha jirani. Nasema hawa ni jirani zetu wa karibu kabisa, wamejaribu, mtu aende akaulize imewatokea nini.

Wapo watakaosema kwamba LUKU moja ya banda ikihesabiwa kwa idadi ya kaya, wenye mabanda tutatumia njia hiyo kuiba, tutaandikisha vyumba hewa ili tupate uniti za bei ya chini. Wapo watakaofanya hivyo, nawajua wengine kwa sura. Lakini kila mtaa una mwenyekiti na mjumbe, na mjumbe wangu anajua nani analala chumba gani kuliko mimi mwenyewe. Akiandika kwamba hapa kuna kaya sita, ni sita.

Namalizia kwa hesabu ya mwezi uliopita, niliyoisoma mwenyewe kwenye mita ndogo nikiwa na tochi ya simu. Banda zima limetumia uniti 262, zimegharimu Sh93,000 na ushee. Chumba cha nne, yule mama wa watoto watatu aliyekuwa akinunua mkaa wa kupima wa Sh1,000 kila siku, kimetumia uniti 61, taa na televisheni humo humo. Amelipa Sh21,700. Mkaa peke yake ulikuwa unamla Sh30,000, kwa hiyo anashukuru, na watoto wake hawakohoi kama zamani. Mimi sishukuru sana. Kwa LUKU yake mwenyewe uniti hizo 61 zingekuwa Sh7,442. Tofauti hiyo ya elfu kumi na nne ni daftari, ni viatu, na inakwenda kwa sababu tu chumba chake na vingine vitano viko kwenye LUKU moja.

Maandishi ya ukutani nimeyapaka chokaa mara mbili. Ile rangi nyekundu ya mafuta inatokeza tena mvua ikinyesha, na mpangaji mpya aliyekuja kuulizia chumba juzi aliyasoma, akaniuliza kama ni kweli.

Swali langu kwa wahusika ni moja, na ningeshukuru nikijibiwa hapa hapa gazetini ili na wenzangu wa mabanda wasome: nyumba ya vyumba sita, kaya sita, sufuria sita, ni mteja mmoja au ni wateja sita?

Ni mimi,
Mama mwenye nyumba,
Ilomba, Mbeya